Keki Aliyoikata Ilpo Tissari

Kuikkaniemi, Savo, Ufini
Tarehe 2 Agosti

Kwako kaka yangu Asko,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Tuomo mume wangu, na kwa mpwa wako Eemeli. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri huko Uppsala, na hiyo nyonga isiwe inakutoa kitandani kabla ya wakati wake. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mbu mwaka huu wametuzidi nguvu, stroberi zimeiva zote kwa mpigo mmoja, na Tuomo amepaka boti rangi ya kijani bila kumwambia mtu, kama desturi yake. Kaburi la mama nimelisafisha juzi, nikapanda yale maua ya zambarau uliyoyataka. Nikamfikishia na salamu zako, maana najua ungemsalimu kama ungekuwepo.

Najua umeshangaa kupata bahasha. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe huguna tu na mimi hupandisha sauti, na jambo hili linataka kusemwa lote bila kukatizwa. Kwa hiyo jimiminie kahawa ukae. Habari ni za Eemeli, na zinamhusu pia Ilpo Tissari. Usiitupe barua, tafadhali. Nimemwonyesha cha mtema kuni, Asko. Baada ya miaka yote hii, nimemwonyesha.

Ngoja nianze mwanzo. Eemeli amekuwa mrefu mpaka anainama kwenye mlango wa sauna. Msimu wa baridi uliopita alisimama golini kwenye timu ya vijana ya hoki ya barafu ya mkoa, na wale wazee ambao miaka yote huja uwanja wa barafu kwa ajili ya kahawa tu wakaanza kuhamia upande wa goli lake, kipindi cha kwanza huku, cha pili kule, na vikombe vyao mkononi. Magazeti ya mkoa yakamwandika. Ilipofika majira ya kuchipua, barafu ya ziwani ikiwa imeanza kuwa nyeusi, mji mzima ukageuka kocha. Kila aliyeingia dukani kwangu kununua mikate ya samaki aliniachia na ushauri juu. Mwanamke wa posta akasema mtoto abaki hapa hapa, aingie klabu yetu ya watu wazima ya daraja la pili, kipa hukomaa polepole na hana sababu ya kukimbilia ughaibuni. Mchungaji, ambaye hajawahi kushika gongo la hoki maishani mwake, akasema aende Tampere. Vijana wenzake wakasema Kanada, Kanada, kule mechi ni nyingi, uwanja ni mwembamba kuliko wetu, kisahani kinachopigwa kinakufikia kabla hujavuta pumzi, na ukishazoea hivyo hakuna tena cha kukutisha.

Mimi nilikuwa nawasikiliza na kufunga mikate. Neno Kanada likitajwa, mikono yangu ilikuwa inafunga kwa nguvu zaidi.

Basi siku moja ya soko mlango ukafunguliwa na akaingia Ilpo, miwani ya jua imepandishwa kichwani, koti la bei mbaya, meno meupe kama ya tangazo. Siku hizi ni wakala mkubwa. Anakaa Helsinki na kuuza vijana kwa klabu za ng'ambo. Ukimsikia huwezi kujua kwamba alizaliwa nyumba tatu kutoka kwetu. Lafudhi yote ya Savo ameitema, na kila sentensi anaifunga kwa "oke, oke". Akaniuliza kama bado naoka kwa jiko la mama. Akasifu mikate. Kisha mbele ya foleni nzima ya wateja akasema, "Na Uji je? Uji yuko wapi siku hizi?"

Alilitamka hivyo hivyo, Asko. Bila aibu, huku anatabasamu. Na watu wawili kwenye foleni wakacheka, kwa sababu mji huu haujasahau.

Sina haja ya kukukumbusha yaliyokupata, lakini sijawahi kukueleza mimi niliyaonaje. Nilikuwa msichana mdogo. Niliona Ilpo, ndiyo kwanza anaanza uwakala, anakuja nyumbani na kumwahidi mama kwamba kule Kanada utacheza kila mechi, utalelewa kama mtoto wa mfalme. Ulipofika ulikalishwa benchi msimu mzima ukiwafungulia na kuwafungia wenzako kamlango ka kuingia uwanjani. Siku walipokuhitaji, wakakuingiza na nyonga iliyokuwa tayari imechanika, na Ilpo alikuwa anajua, maana wewe ulimwambia. Ukarudi unachechemea. Gazeti lilipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba kijana alikuwa na kipaji ila alilia usiku na mchana akitaka uji wa mama yake. Basi. Kutoka siku hiyo ukaitwa Uji shuleni, Uji sokoni, Uji mpaka kwenye lango la kanisa siku ya kipaimara changu, na ukahamia Uswidi ambako hakuna anayekujua. Wewe hukuona kilichofuata. Mama hakuupika uji tena. Sufuria ile alimpa jirani, na sisi tukala mkate asubuhi mpaka alipofariki.

Kwa hiyo Ilpo aliponiuliza uko wapi, nikamjibu kwa upole kwamba hujambo na unakaa karibu na uwanja wa ndege. Nikamkaribisha nyuma, nikampa kahawa na mkate wa moto. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikajishangaa. Yeye akafungua moyo wote. Kuna klabu moja ya vijana kule, hawana kipa, wamemwona Eemeli kwenye video na wanamtaka. Tatizo, akasema, ni kwamba kila klabu inaruhusiwa kuchagua wageni wachache mno kwa mwaka. Kabla ya kumtaja mtoto wa Ulaya wanataka uhakika kutoka kwa wakala kwamba kweli atakuja. Wakimtaja na asije, nafasi imekwenda na maji, na wakala aliyewahakikishia hawampokelei simu tena.

Hapo ndipo nilipokata shauri.

Akaweka kikombe chini akaniambia, "Sasa Virpi, nipe jibu la kueleweka. Dogo anakuja au haji?"

Nikamwambia, "Inaweza kuwa anakuja. Lakini pia inaweza kuwa haji."

Akapiga makofi. "Safi kabisa! Nilijua tu wewe ni mtu wa maana."

Kaka, nilitaka kuinama chini ya meza nicheke. Wewe unajua, hata mtoto wa chekechea wa kwetu anajua, kwamba mtu wa Savo akikujibu hivyo hajakujibu. Unakunywa kahawa yako, unazungumzia maji ya ziwa, unazungukia upande mwingine na kuuliza tena, na kama una akili unauliza mara ya mwisho ukiwa umeshika kitasa cha mlango, maana hapo ndipo ukweli hutoka kama unataka kutoka. Ilpo hakufika kwenye kitasa. Ameishi mno na watu ambao kwao asiyekataa amekubali. Wiki mbili baadaye akapiga simu kuhakikisha. Nikamwambia haiwezekani kusema kwamba haiwezekani. Akafurahi zaidi. Sikumdanganya hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonifanya nilale vizuri.

Klabu ikamtaja Eemeli. Mwanzoni mwa Julai Ilpo akaandaa sherehe kwenye mgahawa wa uwanja wa barafu: mwandishi wa gazeti, watu wa klabu yetu, wale wazee na vikombe vyao, na bwana mmoja kutoka Kanada aliyepanda ndege kuja kumpa mtoto mkono na jezi. Na keki, Asko. Keki aliiagiza kwangu. Alitaka nembo ya klabu juu yake, kichwa cha nyati mwenye hasira. Nilikesha na yule nyati. Pembe nilizitengeneza kwa sukari ya kuchoma, macho kwa beri nyeusi, na pua nikairudia mara mbili kwa sababu haikuwa na hasira ya kutosha. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo hata kwa arusi.

Ilpo akahutubia. Akasema anaujua mji huu, anazijua familia zake, na safari hii Kuikkaniemi italeta mwanamume, sio mtoto wa kulia. Akaikata keki kati ya pembe. Kisha akamwita Eemeli aseme neno. Eemeli akasimama, masikio mekundu, akasema kwa sauti ndogo kwamba anashukuru sana ila haendi. Amekata shauri kubaki nyumbani na kucheza daraja la pili.

Ungemwona Ilpo! Kisu kimebaki hewani na krimu inadondoka kwenye kiatu. Akamgeukia mtoto akamwambia, "Acha utani, dogo." Akanigeukia mimi: "Virpi, si ulisema!" Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba nilisema inaweza kuwa. Mzee mmoja pale nyuma akamuuliza kwa sauti ya kukokota kama kweli alikwenda kwa mwanamke wa Savo, akaambiwa inaweza kuwa, naye akaagiza keki. Ukumbi ukaangua kicheko. Yule Mkanada maskini hakutafsiriwa kitu, akaendelea kula sikio la nyati na kuinua dole gumba. Tangu siku ile Ilpo ana jina. Anaitwa Inaweza-Kuwa. Wanaliita kuanzia sokoni mpaka kituo cha mafuta, watoto wanamwimbia akipita na gari, na gazeti halikuliandika lakini halikuwa na haja.

Ningependa barua iishie hapa. Ni habari nzuri, na nimeisubiri tangu nilipokuwa na nywele za kusuka. Lakini wewe ni kaka yangu na hukunidanganya kamwe, basi nami nifike pale ninapopaogopa.

Utakuwa umejiuliza kwa nini Eemeli alikataa. Alikataa kwa sababu ya mzee Raimo. Ni yule yule Raimo aliyekufundisha wewe kupiga magoti kwenye barafu, sasa ndiye anayemfundisha yeye, na neno lake kwa mtoto huyu ni kama la Mungu. Mwezi wa tano nilikwenda kwake kumuuliza Eemeli aendelezwe wapi. Nikarudi, nikamwambia mwanangu kwamba Raimo amesema abaki, na kwamba jibu hilo ni heshima alitoe mwenyewe, siku Ilpo atakapomwita mbele ya watu.

Raimo hakusema hivyo. Raimo aliniambia aende. Alikuwa ameshawapigia watu anaowaamini kule. Kocha wa makipa wa klabu ile ni mtu mtulivu, anawapumzisha vijana, waliopita kwake wametoka na viungo vyao vizima. Na hapa nyumbani, akasema, klabu yetu imeshamchukua kipa wa Kilatvia, mtu mzima wa miaka thelathini, na huyo atacheza kila mechi ya maana. Akaniambia, "Kipa asiye na mechi ni mtu aliyevaa magodoro tu, Virpi. Ukimbakiza huyu mtoto atakaa benchi." Nikamuuliza kama hajasahau yaliyokupata wewe. Akasema hajasahau hata siku moja, na ndiyo maana safari hii ameuliza kwanza.

Nilirudi kwa miguu kando ya ziwa nikijua yote hayo. Nikafungua mlango na kusema uongo. Niliuona uso wa Ilpo akilini wakati ule ule, unapata rangi ya aibu, na sikuweza kuuacha.

Kilichoniumbua si Raimo. Ni mimi mwenyewe. Wakati kisu kiko hewani na watu wote wanamtazama Ilpo, Eemeli alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nyuma ya birika la kahawa nimejishika mbavu, nacheka bila sauti, machozi yananitoka. Sijawahi kufurahi vile, Asko. Sikufurahi vile siku niliyoolewa. Sikufurahi vile siku aliyozaliwa yeye. Naye akaliona hilo usoni kwangu, akiwa amesimama pale na jezi ambayo ameikataa, na akaelewa kwamba sherehe ile haikumhusu.

Siku iliyofuata akachukua boti mpya ya kijani akavuka mpaka kwa Raimo. Aliporudi nilikuwa naosha masufuria. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema amemuuliza Raimo na Raimo amemjibu. Kisha akaniambia kwamba mjomba alikalishwa benchi na mtu asiyempenda, na yeye benchi lake amelitengeneza mama yake mwenyewe. Nikaanza kusema juu ya Ilpo, aliyotufanyia, jinsi alivyokuita mbele ya wateja. Akasema, "Mama, hayo yote nayajua. Nimekua nayo. Ila hukuniuliza hata mara moja kama ninataka kwenda." Nikamuuliza kama alitaka. Akasema tangu alipokuwa na miaka tisa.

Wiki moja baadaye alitimiza miaka kumi na minane. Hahitaji tena mkono wangu kwenye karatasi yoyote. Akampigia Ilpo mwenyewe, na ile klabu ilikuwa bado inamtaka. Ilpo hakuingia dukani. Alikuja kumchukua waende kuzungumza, akapiga honi barabarani, na mwanangu akatoka mbio kwenye ngazi zetu akiwa na begi la vifaa. Nilisimama dirishani na unga mikononi. Ningekuwa mama mwenye akili ningekaa na Ilpo mezani tangu mwanzo, nikambana: mtoto acheze, aangaliwe na daktari tunayemchagua sisi, akiumia arudishwe nyumbani na ukweli usemwe. Mwezi wa tano ningepata vyote, alikuwa tayari kunipa hata koti lake. Sikudai kitu, kwa sababu nilikuwa nabuni keki. Sasa mtoto wangu anakwenda na mtu yule yule, kwa barabara ile ile, na hakuna neno hata moja la kumlinda nililotia mimi.

Utaniuliza kama najuta. Uongo niliomwambia mwanangu naujutia kila ninapoona kiti chake, maana siku hizi analala kwa Raimo. Keki siijutii. Nimejaribu, nimekaa kanisani nikajaribu, na kila nikifumba macho namwona na kile kisu na moyo wangu unapata joto. Simsamehe Ilpo. Kama unayo nafasi ya kunihukumu, nihukumu kwa yote mawili pamoja.

Nina ombi moja, na ndilo lililonifanya niandike. Tarehe kumi na nne, asubuhi, Eemeli atatua uwanja wa ndege wa Arlanda, hapo karibu nawe, kutoka Helsinki, na ndege ya Kanada itaondoka mchana. Nenda, Asko. Najua huupendi uwanja ule na najua kwa nini, ndipo uliposhuka ukichechemea. Nenda hivyo hivyo, na ile fimbo yako usiiache kwenye gari. Mketishe mpwa wako, umweleze nyonga inaanzaje kuvuta kabla haijachanika, upande gani, inauma vipi mtu akishuka magotini. Mwambie ikivuta aseme siku hiyo hiyo, kocha acheke asicheke, mji umwite jina lolote utakalo. Kutoka kwangu hasikii tena. Wewe atakusikiliza. Usinitaje kwa wema wala kwa ubaya. Akikuuliza kama nimekutuma, sema ndiyo, mambo ya kuzungukazunguka nimeyamaliza.

Tuomo anakusalimu, ameniagiza kwa maneno yake mwenyewe, yaani ameelekeza kidevu kwenye karatasi hii. Majirani wote wa zamani wanakutakia heri. Ulale vizuri, ule vizuri, na Mungu akuweke.

Ilpo atakuwa amesimama pembeni ya mtoto na meno yake yote. Mkumbatie Eemeli kwa nguvu, kwa niaba yangu na ya mama. Yule mwingine akikunyooshea mkono, uache hapo hapo hewani.

Ni mimi dada yako mdogo anayekupenda,

Virpi